Nguruwe Aliyefuga Mbwa

Mwaka ule Nguruwe Pori alipofuga mbwa, Ifakara ilishangaa siku mbili tu. Siku ya tatu kila mtu alimwita Mzee Nguruwe, maana aliyekimbizwa na mbwa ujanani akaja kumwajiri mbwa uzeeni, huyo maisha kayapatia. Alikuwa na shamba la mpunga ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, njia ya Lupiro. Ujana wake wote aliula mpunga wa watu. Alipopata wake akajenga dungu refu, akatafuta debe la kugonga, akawa anakesha kuwafukuza wajomba zake. Nasikia bonde zima halijaona mlinzi mkali kama yeye. Penyo zote anazijua.

Mbwa mwenyewe alimwacha mjini, nyuma ya Kibaoni, amefungwa mnyororo kwenye mwembe, alinde nyumba isiyo na kitu ndani ila kitanda na kalenda ya mwaka juzi. Kazi ya kumlisha alipewa mjukuu, ambaye ugali ukiiva hulikumbuka kwanza tumbo lake, na la pili analolikumbuka pia ni lake.

Basi Mbwa akabweka. Alibwekea bajaji. Alibwekea maembe yakidondoka. Alibwekea honi ya treni ya TAZARA, na usiku ambao treni haikupita aliubwekea ule ukimya. Masika ilipoanza kugonga mabati, alipandisha sauti ili mvua isimfunike. Kukipambazuka hulala fofofo, na mtaa mzima hutoka kwenda kazini macho mekundu.

Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa Sheshe, mtu wa haya, mpangaji wa chumba kimoja. Kulikuwa na wakati bonde hili lilikuwa na swala aina ya sheshe wengi kuliko mahali pengine popote Afrika. Mashamba yakashuka hadi majini, ng'ombe wakaingia kwa maelfu, ukoo wake ukapungua, naye akakimbilia mjini kutafuta utulivu. Utulivu wenyewe ndio huu. Kwa kuwa yeye ndiye anayeumia zaidi, wakazi walimteua aende kumwona Mzee huko huko shambani.

Zamani angesingizia pantoni: maji yamejaa, foleni ndefu, kivuko kibovu. Lakini tangu 2018 lipo Daraja la Magufuli, mita 384 za zege, na udhuru mkongwe kuliko yote wa watu wa Ifakara ukafia pale pale. Sheshe akapanda bodaboda, akavuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Panda huku juu, jua kali. Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mpunga naona umependeza."

"Tunashukuru. Tatizo hawa kwelea kwelea, hawana hata aibu ya kula cha mtu." Mzee akagonga debe lake mara tatu. "Haya, lete habari. Mtaa umetulia?"

Sheshe alimeza mate. "Umetulia, mzee."

Alirudi na kambale watatu wa kubanika na mchele kilo tano. Wenzake walikuwa wanamsubiri barazani kwake. "Umemwambia?" Akasema wamesalimiana vizuri sana. Nisimcheke, maana safari ya namna hiyo nami nimeshaifunga, nikarudi na muhogo.

Mama Kanga, aliyezaliwa amevaa kanga, alichagua njia nyingine. Alijifunga nguo iliyoandikwa KELELE ZAKO USINGIZI WANGU, akapita mbele ya mwembe asubuhi, mchana na jioni, akigeuka kidogo ili maandishi yasomeke. Mwenye nyumba hayupo. Mbwa hajui kusoma. Ujumbe ulimpata Mama Kunguru, aliyeamini kasemwa yeye, na mpaka leo hao wawili wakikutana kisimani mmoja hutazama mawingu.

Likabaki baraza la kata.

Katibu wa baraza alikuwa Kobe, mwenye uso wa kusikiliza hata akiwa amelala. Tangu mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulipofika Kilombero na Ulanga miaka ya 2010, Kobe alikuwa na swali moja tu la kuuliza habari za mbwa, ila hilo moja alilijua barabara.

"Amechanjwa?"

"Amechanjwa, ndugu katibu, lakini..."

"Cheti kipo?"

"Kipo, lakini usiku..."

"Basi mbwa huyu hana kichaa."

"Tunaopata kichaa ni sisi!" alipaza sauti Mama Kanga.

"Mama, chanjo ya wakazi ni idara nyingine."

Sisemi kwamba chanjo ni jambo dogo. Ugonjwa ule, dalili zikishajitokeza kwa aliyeng'atwa, karibu hakuna anayepona. Ila Kobe alikuwa amepewa futi moja ya kupimia, na kwa futi hiyo alipima kila kilicholetwa mezani: urefu, uzito, hata kilio.

Hapo Mbu akaomba nafasi. Wote wakanyamaza, kwa sababu Ifakara Mbu ndiye msomi. "Mimi," alisema, "nampigia mtu kelele ndani ya sikio. Juu ya kelele namuuma. Juu ya kumuuma, naweza kumuua. Mmewahi kunileta barazani? Waswisi walifungua maabara hapa miaka ya 1950, watu wamenisoma mpaka wakapata shahada za uzamivu, na leo nimejengewa makazi yangu Kining'ina, na wavu juu. Huyu maskini hafanyi lolote zaidi ya kusema, mnamfungulia kesi!" Alipigiwa makofi marefu. Walipofika nje ndipo walipojiuliza walichokuwa wanakipigia.

Nje alikuwepo Sungura, ameegemea pikipiki. Sungura hana kazi maalumu; huuza kilichopo kwa anayetaka, na kisichopo kwa asiyetaka.

"Dawa ya mbwa ni mbwa," alisema. "Akibweka wa Mzee, na wako abweke. Mtu hawezi kushindana na mtaa mzima, atachoka." Nyuma ya pikipiki, ndani ya kikapu cha kuku, walikuwamo watoto wa mbwa wanne. Bei, debe moja la mpunga kila mmoja. Jioni alirudi na kikapu kingine.

Mwezi haukuisha, kila nyumba ilikuwa na mbwa wake. Hata Sheshe alichukua mmoja, ingawa alikuwa akimwogopa na akimpelekea chakula kwa kijiti. Sasa usiku ulikuwa na utaratibu. Wa Mama Kunguru alianza, wa Mama Kanga alimjibu, wa tatu akataka kujua kuna nini, habari ikashuka nyumba kwa nyumba hadi ukingo wa Lumemo, ikafika huko imeshaongezwa chumvi, ikarudi. Wachanjaji walipopita walifurahi mno. Wataalamu husema katika kila mbwa 100 wakichanjwa 70, kichaa hukosa njia ya kupita. Mtaa ule ulileta mbwa wote, na vyeti vyote vikaandikwa. Wakapongezwa, wakapigwa picha. Katika picha ile wakazi wote wamefumba macho, na halikuwa jua.

Aliyenufaika alikuwa mmoja, naye ni yule Mbwa wa kwanza. Miezi yote alikuwa anaita na haitikiwi. Sasa alipata wa kumwitikia, akasema nao usiku kama kumi hivi mpaka akayamaliza aliyokuwa nayo. Halafu akajikunja chini ya mwembe, akalala. Tangu hapo hakubweka tena.

Mwezi wa sita Mzee Nguruwe alirudi na magunia yake. Usiku wa kwanza hakupata usingizi. Usiku wa pili alitoka na tochi akazunguka nyumba. Asubuhi ya tatu alivaa koti, akaenda moja kwa moja barazani, akawakuta wote.

"Nimekesha dunguni miezi sita," alisema, "nije nikeshe na nyumbani kwangu? Huu ni mtaa wa watu wastaarabu au kambi?"

"Wamechanjwa," alisema Kobe, bila kuulizwa.

"Na mimi nafuga mbwa! Yupo pale mwembeni, ameachwa peke yake tangu kupanda hadi kuvuna. Nani humu amewahi kusikia sauti yake?"

Kila mtu alifungua mdomo. Mzee akainua kwato kuwazuia, akamgeukia jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

"Sheshe, mwanangu. Wewe ulikuja shambani, ukala kambale wangu. Nilikuuliza kama mtaa umetulia. Ulinijibuje?"

Sheshe aliitazama miguu yake, yote minne, mmoja mmoja.

"Nilisema umetulia, mzee."

Kobe alilowesha ncha ya kalamu kwa ulimi, akaandika.