Ukiziba Ufa Utaogelea

Hakuna namna ya heshima ya kushuka kwenye gari ukiwa umelowa makalio. Mshenga anayepeleka posa Kinyangiri asubuhi ya Januari, suruali ya kitambaa imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, ataingia kwenye mchomoko, gari dogo la abiria, atapapasa siti, ataikuta kavu na atakaa kwa amani. Mvua ilinyesha usiku, jua limeshatoka, kitambaa cha siti kimekauka juu. Sponji ya chini haijakauka. Ilikuwa inamsubiri mtu mwenye kilo za kutosha. Akifika ukweni, duara lililo nyuma ya suruali halina maelezo. Akisema ni maji, ataulizwa yametoka wapi na mbingu iko wazi. Akinyamaza, wazee watajijibu wenyewe, na wazee wakishajijibu hawana tabia ya kufuta jibu. Kilichobaki ni kujadili mahari akiwa ameupa ukuta mgongo, kuanzia salamu mpaka kuagana. Na dereva, akiulizwa, ataapa kwamba gari lake lilizibwa juzi tu, tena kwa silikoni mpya, tyubu nzima.

Ninamwamini dereva huyo. Gari lake linavuja kwa sababu lilizibwa. Hoja ninayoitetea ni hiyo tu: gari linaloingiza maji, mara nyingi, halina tundu lililozidi bali lina tundu lililopungua. Tumekuzwa na methali ya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni methali njema kwa nyumba, ndoa na vikoba. Kwenye gari imetuponza. Watengenezaji hawakujaribu kuyafungia maji yote nje, kwa kuwa waliona mapema kwamba haiwezekani. Waliyakaribisha, wakayachimbia mifereji, wakayaonyesha pa kutokea. Anayeziba kila uwazi anaouona huziba njia ya kutokea akaiacha ya kuingilia, kisha anashangaa gari limekuwa pipa.

Ushahidi wa kwanza ni wa mvua yenyewe. Karibu kila Noah, Probox na IST inayopita Kinyangiri ilianza maisha Japani. Tokyo hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na vimbunga vya Septemba na Oktoba huko havibishi hodi. Mkoa wa Singida hupata takriban milimita 500 hadi 800, karibu zote zikijibana kati ya Novemba na Aprili. Yaani gari limevumilia kwa miaka mvua maradufu ya zetu, likavuka bahari, likateremka Dar es Salaam, likalipiwa ushuru wa uchakavu, ndipo likaja kuvujia kwenye nchi kame. Wanaosema gari limechoka wana hoja: Wilaya ya Mkalama, iliko Kinyangiri, ilimegwa kutoka Iramba mwaka 2012, na si ajabu kukuta humo gari lenye umri mkubwa kuliko wilaya. Lakini uchovu peke yake hauelezi kwa nini gari lililofika kavu mwezi Februari linageuka kisima mwezi Desemba. Katikati hapo pana kiangazi cha nusu mwaka, chenye vumbi, majani na mafundi. Mvua ya kwanza huja kutangaza matokeo tu.

Tuanze na mlango, maana hapo ndipo imani ya watu wengi inapovunjika. Mlango wa gari haukuundwa kuzuia maji yasiingie ndani yake. Ile raba nyembamba inayofuta kioo kinaposhuka hupunguza maji, haiyakomeshi. Mvua ikinyesha, maji huteremka juu ya kioo, hupenya kwenye mwanya huo na kuingia tumboni mwa mlango, yakapita kwenye reli za kioo, mota, waya na kitasa. Wahandisi walilijua hilo na hawakupoteza usingizi. Chini kabisa, kwenye ukingo wa bati, waliacha matundu madogo ambayo kidole hakiingii, na maji hutokea hapo yakadondokea barabarani. Kati ya tumbo hilo na jalada ambalo abiria anaegemeza kiwiko kuna karatasi ya nailoni, imeshikizwa kwa gundi nyeusi inayonata miaka yote bila kukauka. Asiyejua hudhani ni kifungashio kilichosahaulika kiwandani. Kumbe ndiyo kizuizi pekee kati ya mvua na soksi za abiria. Na uzuri wake uko kwenye ncha ya chini: imechomekwa ndani ya bati, ili tone linaloipiga nailoni lirudishwe tumboni mwa mlango, lishuke, litoke kwa matundu. Mtu aliyefikiria jambo hilo alistahili barabara ya mtaa iitwe jina lake. Kitu chepesi, cha bei ndogo kuliko vyote ndani ya mlango, ndicho kinachofanya kazi ya vingine vyote iwezekane.

Sasa anakuja fundi wa spika. Au wa kioo cha umeme, au wa kitasa. Anafungua jalada, anakuta nailoni, anaichana, kwa sababu aliyemtuma alimtuma kwenye spika. Akimaliza, nailoni ikiwa na bahati inabandikwa kwa selotepu ambayo haitafika Ijumaa. Ikikosa bahati inatandikwa chini ili fundi alalie asichafue shati. Mvua ikija, maji yaliyokuwa yakiingia mlangoni miaka yote bila mtu kujua yanageuza njia, yanapita kwenye jalada, yanazama kwenye kapeti. Mwenye gari anainama, anaona tone likidondoka kutoka ukingo wa chini wa mlango, na anapiga kelele ya ushindi: maji yanapita hapa! Ni kweli, yanapita, yakitoka. Anaitwa mtu wa silikoni, anaziba matundu yote, anapokea chake. Kuanzia siku hiyo gari likifunga breki, maji yanasikika yakihama ndani ya mlango kutoka nyuma kwenda mbele, na bati linaanza kuoza kwa ndani, mahali ambapo hakuna rangi mpya itakayofika.

Chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala, hadithi ni ileile kwa mhusika mwingine. Chini ya ile plastiki nyeusi yenye vitobo kuna bonde linalopokea maji yote ya kioo na kuyatoa pembeni, nyuma ya tairi za mbele. Ndani ya bonde hilohilo kuna mdomo wa kupeleka hewa kwenye blowa, umeinuliwa kidogo ili maji yasiufikie. Uliwekwa hapo kwa akili: gari likikimbia, upepo hujikusanya chini ya kioo cha mbele na kujisukuma wenyewe ndani. Ila Singida nzima tunaegesha chini ya mwarobaini. Vijani vyake ni vyembamba, vinapita kwenye vitobo hivyo bila kupinda, vumbi linavishika, na kufikia Novemba pembe zote mbili za bonde zimefungwa kwa udongo wenye rutuba kuliko mashamba ya baadhi yetu. Mbegu ikidondoka huweza kuota humo, na mkoa wa alizeti usijifanye kushangaa. Mvua inapojaza bonde, maji yanaruka kizingiti, yanaingia kwenye blowa na kushukia miguuni. Kioo kipya, gundi mpya, silikoni mzunguko mzima wa kioo, vyote havitasaidia. Dawa ni kung'oa plastiki na kuchota uchafu kwa mkono.

Kinachowachanganya watu ni dhana kwamba maji huonekana yalipoingilia. Aliyekulia kwenye tembe anajua si hivyo: udongo wa paa hupasuka upande wa mlango, maji yakafuata boriti, yakamdondokea aliyelala upande wa zizi. Ndani ya gari boriti ni nyingi zaidi. Maji hushika waya, hupita ndani ya nguzo, hupenya mahali pembamba hata kwa kupanda, hutulia chini ya kapeti kwenye sponji nene, kisha hukimbilia mbele breki ikishikwa. Kwa hiyo ushahidi hutafutwa kwa utaratibu. Kapeti ifunuliwe, bati likaushwe na kunyunyiziwa unga wa sembe, mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie nje kwa kopo lililotobolewa kwa msumari, akianzia chini na kupanda, sehemu moja kwa wakati. Tone la kwanza litachora mstari wake kwenye unga. Anayeanzia juu analowesha kila kitu mara moja na hatajua chochote. Anayetumia mashine ya kuoshea magari atapata uvujaji ambao mvua haijawahi kuwa na nguvu ya kuuleta.

Nitaambiwa kwamba kumwaga maji kutafuta maji ni kejeli mahali ambapo ndoo ya lita 20 hubebwa kichwani. Ni kejeli kweli, lakini kopo hutumia kidogo, na ndoo mbili zinatosha. Nitaambiwa pia kwamba raba hukauka kwa jua letu. Hukauka, na raba ya mlango iliyokufa ibadilishwe. Pitisha noti ya elfu moja kati ya raba na bodi, funga mlango, ivute, ikitoka bila ubishi raba imekwisha. Ila raba iliyokufa huvuja hadharani, ukingoni mwa mlango, wala haimvizii mshenga. Wengine watasema silikoni ilimponya jirani yao. Pengine ilimponya mpaka masika. Silikoni ya bei ndogo, ile yenye harufu ya siki wakati inakauka, hutoa asidi inayoanzisha kutu kwenye bati lililokwaruzika, na utelezi wake hukataa gundi yoyote itakayokuja baadaye, hata ile sahihi. Nao wapo wanaotoboa sakafu kwa drili ili maji yajitokee. Hawa nawaheshimu kidogo, kwa sababu wamekaribia ukweli kuliko wote: wamekubali kwamba maji yanahitaji njia. Wangejua tu kwamba sakafu ina matundu tayari. Kiwandani bodi nzima huzamishwa kwenye bwawa la rangi, na matundu hayo ndiyo yaliyoitoa rangi kabla ya kufunikwa kwa vizibo vya raba. Kinavutwa kizibo, maji yanatoka, kinarudishwa kabla ya korongo linalofuata.

Vyanzo vingine vinahitaji maneno machache. Maji baridi miguuni mwezi Oktoba ni mpira wa AC ulioziba. Dirisha la paani lina mirija kwenye pembe zake, na vumbi linaijua yote. Maji yanayoteleza na kunukia utamu yametoka kwenye hita, ingawa kwa wanaojaza rejeta maji ya kisima dalili hiyo haipo. Keria iliyofungwa kwa drili ni mvua iliyokaribishwa kwa mikono miwili. Hapo tu ndipo nakubali tundu limezidi.

Kinachoniudhi, na hapa sicheki, ni kwamba haya yote yanajulikana na bado hayafanyiki, kwa sababu hakuna anayelipia kutafuta. Mwenye gari hutoa hela ya silikoni bila kubisha kwa kuwa anaiona. Mwambie alipe saa mbili za fundi kulala chini ya dashibodi na tochi mdomoni, bila kubadilisha kifaa hata kimoja, atasema ameibiwa. Fundi naye ana watoto, anauza kinachonunuliwa. Kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani, na yule dada wa kurekodiwa anayeongea ukiwasha gari amekuwa akitueleza jambo kwa miaka bila mtu kumjibu. Huenda ni mifereji. Muuzaji anatundika manukato ya chungwa kwenye kioo kufunika harufu ya kuvu. Mwisho wa mnyororo yuko abiria, ambaye nauli yake ya siti iliyolowa ni ileile ya siti kavu, na ambaye hajawahi kuombwa radhi na mtu yeyote kati ya hao.

Kwa hiyo kabla ya tyubu kufunguliwa, mwenye gari amuulize fundi swali moja: maji haya yalitakiwa kutokea wapi? Akionyesha kwa kidole, alipwe kutafuta, tena alipwe vizuri. Akianza kutikisa tyubu, anunuliwe soda yake, na gari liwashwe.