Biri Fupi Isiyo na Makuu

Biri ndefu zimeshapata wa kuzisifu. Winston Churchill alipigwa picha na yake mara nyingi hata saizi moja ya biri ikapewa jina lake, na Fidel Castro alikuwa haonekani bila yake mpaka alipoacha kuvuta mwaka 1985. Biri fupi haijapata bahati hiyo. Haizidi kidole kwa urefu, ladha yake ni laini, na bei yake haimlazimu mtu kufanya kikao cha familia. Huvutwa barazani baada ya chai ya saa nne, kisha mwenyewe hunyanyuka akaendelea na kazi zake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Zamu yake imefika.

Kwa aliyezoea sigara za pakiti, biri ni tumbaku iliyovaa tumbaku. Ndani kuna majani ya kujazia, juu yake jani la kufungia, na nje kabisa jani la kuvika, lile linalochaguliwa kwa uzuri wa sura. Haina karatasi wala kichungi. Kinachoungua ni kile kile kinachoonekana, na katika zama hizi za vitu vilivyochakachuliwa hilo pekee lingetosha kuipa heshima.

Lakini sifa yake ya kwanza ni kwamba haipotezei mtu muda. Biri ya saizi ya Churchill hudai saa nzima na zaidi, hudai kiti cha kuegemea na wasikilizaji wa hotuba. Fupi hutosheka na dakika ishirini au thelathini, hata mtu akiwa amesimama. Hapo ndipo sheria za kuzuia uvutaji zilipoikuta tayari. Ireland ilipiga marufuku kuvuta ndani ya sehemu za kazi, baa zikiwemo, mwaka 2004. Uingereza ikafuata mwaka 2007, mwaka uleule Kenya ilipopitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku. Wavutaji wakatolewa nje kwenye baridi na manyunyu. Nani atasimama mvuani saa nzima kwa ajili ya moshi? Wacuba, ambao hawahitaji kufundishwa biashara hii, mwaka 2011 walitoa H. Upmann Half Corona yenye urefu wa milimita 90 tu. Wakubwa waliokuwa wakiidharau fupi wakaanza kuiulizia madukani kwa sauti ya chini.

Mkulima wa Urambo anayekesha akichochea kuni kwenye bani la tumbaku ya mvuke, au mwenzake wa Namtumbo mwenye tumbaku ya moshi, angeshangaa kuona jinsi jani la biri linavyodekezwa. Hutundikwa kivulini kwa wiki kadhaa likipigwa na hewa. Kisha hurundikwa katika marundo makubwa yanayojipasha joto yenyewe, na wafanyakazi huyapindua na kuyapanga upya, huku harufu ya amonia ikiwatoa machozi. Joto hilo ndilo linaloondoa ukali. Biri laini huzaliwa kwa kutokwa jasho.

Jani la kuvikia biri za namna hii kwa miaka mingi lilitoka bonde la mto Connecticut, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Mwanzoni mwa karne iliyopita wakulima wa bonde hilo walikuwa wakinyang'anywa soko na jani jembamba kutoka Sumatra, ambako mawingu hulikinga na jua. Mwaka 1900, huko Windsor, wakaanza kutengeneza mawingu yao wenyewe: walisimika nguzo, wakatandaza vitambaa juu ya mashamba, na tumbaku ikakua kama mtoto aliyelazwa chini ya chandarua. Jani likatoka jembamba, la rangi ya asali, na lenye ladha isiyogombana na mtu.

Kiangazi cha mwaka 1944 kijana wa miaka kumi na mitano kutoka Atlanta alifika Simsbury, katika bonde hilohilo, kufanya kazi ya tumbaku pamoja na wanafunzi wa chuo cha Morehouse waliokuwa wakitafuta karo. Aliwaandikia wazazi wake akistaajabu kwamba huko mtu mweusi aliweza kukaa kanisa moja na wazungu, na kwamba alikula katika mgahawa mzuri wa Hartford bila kufukuzwa. Kijana huyo alikuwa Martin Luther King. Biri laini ingekuwa na majivuno, ingedai kwamba ilishiriki kumlea. Haidai kitu.

Hiyo ni biri fupi yenye ukoo. Iko nyingine, ya mashine, ambayo tumbo lake limejazwa vipande vilivyobaki mezani wakati ndugu zake wakubwa wakikatwa na kunyooshwa, na jani lake la kufungia si jani hasa bali ni vumbi la tumbaku lililosagwa, likachanganywa na gundi, likatandazwa kama karatasi ya kahawia. Wajuzi huikunjia pua. Wangepaswa kuipigia makofi: serikali ngapi zimeshindwa kubana matumizi kiasi hicho?

Bei yake nafuu imewahi kupewa nafasi hata katika Seneti ya Marekani. Inasimuliwa kwamba Thomas Marshall, Makamu wa Rais kuanzia mwaka 1913 hadi 1921, alichoshwa na seneta mmoja aliyekuwa akiorodhesha mahitaji ya taifa bila dalili ya kumaliza. Akamwinamia karani aliyekuwa karibu naye na kumwambia kwamba nchi ile ilihitaji biri nzuri ya senti tano. Katika mambo yote aliyoyasema na kuyatenda kwa miaka minane, hilo ndilo ambalo watu wengi wanamkumbukia.

Mchekeshaji George Burns naye alishikamana na El Producto, biri ya bei rahisi, hata alipokuwa na uwezo wa kununua yoyote aliyoitaka. Sababu yake ilikuwa ya kikazi. Biri za Havana, alisema, zimesokotwa kwa kubanwa sana, kwa hiyo huzimika jukwaani, na msanii anayesimamisha kichekesho ili awashe biri atakuta ukumbi nao umezimika. Ya bei rahisi huwaka yenyewe huku mwenyewe akiongea. Burns alizaliwa Januari 1896 na kufa Machi 1996, akiwa amepita miaka mia, na tangu hapo kila mvutaji anayehojiwa na mkewe humtaja yeye. Hakuna anayemtaja Jenerali Ulysses Grant, ambaye naye hakuachana na biri, na aliyefariki kwa saratani ya koo mwaka 1885 akiwa na miaka 63.

Halafu kuna habari ya Ikulu ya Marekani. Februari 1962 John Kennedy alimwita msemaji wake, Pierre Salinger, akamwagiza amtafutie biri elfu moja za Petit Upmann kabla ya kesho asubuhi. Izingatiwe aina aliyoitaka: mtu mwenye makombora ya nyuklia alikuwa akitafuta biri ndogo. Salinger, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alizunguka maduka ya Washington akapata 1,200. Asubuhi alipotoa taarifa, Rais alifurahi, akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi na kuisaini. Ilikuwa amri ya kuzuia bidhaa zote za Cuba kuingia Marekani. Sera za nje zilisubiri, biri fupi ikanunuliwa kwanza.

Sifa inayobaki ni ile ambayo madaktari wanaichukia zaidi, nayo ni upole wake. Mvutaji wa biri laini hujitetea kwamba yeye hamezi moshi, anauonja tu mdomoni na kuuachia. Ni kweli kwamba wengi hawaumezi. Ila moshi wa biri hauna tindikali kama ule wa sigara, kwa hiyo nikotini yake hupenya kwenye ngozi laini ya kinywa bila kusubiri kufikishwa mapafuni. Ulaini nao ni wa ulimi tu; saratani ya mdomo na ya koo haiangalii kama jani la nje lilikuwa na rangi ya asali au ya kahawa. Biri fupi haijawahi kutamka kwamba ni salama. Imenyamaza tu, watu wakajisemea wenyewe.

Sigmund Freud alijisemea kwa muda mrefu. Daktari huyu wa Vienna, aliyewafundisha wenzake kuchimbua tamaa zilizojificha, alivuta biri kama ishirini kwa siku, na aliyoipenda ni Trabuco: ndogo, laini kiasi, iliyotolewa na shirika la serikali ya Austria lililohodhi tumbaku. Hesabu hapa inafaa kutazamwa kwa makini. Biri ndefu ishirini zingemaliza mchana na usiku pamoja na sehemu ya kesho. Fupi ishirini zinawezekana, na bado mtu akapata nafasi ya kuona wagonjwa na kuandika vitabu. Udogo ule ulioonekana kama adabu ndio uliofanya ulafi uwe jambo la kawaida la kila siku.

Katika miaka ya 1890 rafiki yake, daktari Wilhelm Fliess, alimkataza kwa sababu ya moyo. Freud akajaribu kuacha, akalalamika kwenye barua, akarudia. Kuanzia mwaka 1902 wanafunzi wake walikutana nyumbani kwake kila Jumatano, na mwanawe Martin alikumbuka chumba kilichojaa moshi kiasi cha kujiuliza binadamu wale waliwezaje kukaa humo kwa saa kadhaa na bado wakapata pumzi ya kubishana. Mtoto wa ndugu yake, Harry, mwenye miaka 17, alipokataa kuvuta, Freud alimwambia kwamba anamsikitikia kwa kujinyima raha kubwa na ya bei rahisi namna hiyo. Mwaka 1923 akagundulika ana saratani mdomoni. Akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara thelathini, akawekewa kifaa cha kuziba tundu lililobaki kati ya kinywa na pua, na akaendelea kuvuta. Tafuteni rafiki mwingine wa bei hiyo anayemshikilia mtu hivyo.

Haifai kuacha kuitaja harufu. Biri fupi ina mwili mdogo na harufu ya ukoo mzima. Hukaa kwenye pazia, kwenye kochi, kwenye shuka lililoanikwa uani, na hubaki hapo siku mbili baada ya mwenyewe kuondoka. Watu huita hii kero, wakati ni huduma: mgeni aliyekusudia kukaa mpaka chakula cha usiku hukumbuka ghafla kwamba ana safari.

Mwandishi Mark Twain aliijua nguvu hiyo kuliko wote. Alipenda biri za bei ya chini kabisa, na rafiki zake walifika kwake wakiwa na zao mfukoni ili wasije wakakaribishwa. Katika insha yake "Concerning Tobacco" anasimulia kwamba aliwaalika watu kumi na wawili kwa chakula, mmoja wao akiwa maarufu kwa biri za gharama. Twain akapita kwanza nyumbani kwa bwana huyo, akachota konzi mbili za biri zake bora za senti arobaini kila moja, akazivua pete zao nyekundu na za dhahabu, akazitia ndani ya boksi la zile zake zilizoogopwa. Baada ya chakula wageni walizipokea, wakaziwasha, wakavuta kimya kwa nyuso za msiba. Muda si mrefu kila mmoja akapata udhuru wa kuondoka. Asubuhi biri zilikuwa zimetapakaa kutoka mlangoni hadi getini, isipokuwa moja iliyobaki kwenye sahani ya yule bwana mwenye mali. Alikuwa amevuta mkupuo mmoja au miwili tu ya biri yake mwenyewe, na baadaye alimwonya Twain kwamba siku moja atapigwa risasi kwa kuwapa watu uchafu kama ule.