Mimi ni Chawa wa Zege

Mjini siku hizi kila mwenye jina ana chawa wake. Msanii anaye, mheshimiwa diwani anaye, hata mwenye duka la simu anaye wa kumpigia makofi. Zege lililolala kati ya sebule na vyumba vya juu halina hata mmoja. Basi leo mimi ni chawa wa zege, tena wa kujitolea.

Tuanze na uchapakazi wake. Baba mwenye ghorofa pale Goba amevuta faiba. Fundi amekuja, ameifunga ruta nyuma ya televisheni, hapohapo waya ulipoingilia, amechukua saini, ameondoka. Juu chumbani binti anafungua tamthilia ya Kituruki. Mpenzi anakaribia kulitamka lile neno, mara picha inaganda, kiduara kinazunguka. Bosi wangu yuko kazini. Ni sentimita 15 tu za saruji, mchanga na kokoto, na tumboni wavu wa nondo. Lakini mawimbi yakipanda hapo, saruji na kokoto huyanywa, nondo huyarudisha yalikotoka. Yale ya gigahezi 5, yenye mbio na majivuno, ndiyo huchoka kwanza. Ya gigahezi 2.4 yana subira, hupenya, hufika juu yakihema, na huko huyakuta ya jirani yamejazana kwenye chaneli zilezile.

Wala zege halina upendeleo. Netflix wenyewe hutaja megabiti 5 kwa sekunde kuwa zinatosha picha ya HD, kwa hiyo kifurushi cha 20 kilitosha tangu mwanzo. Baba, kwa hasira, anapanda hadi cha 50. Kampuni inafurahi. Zege halisomi risiti.

Na malezi je? Kijana wa kidato cha nne, aliyekuwa akishinda amejifungia, sasa anashuka na kutoa shikamoo yenye heshima zote, maana kiti chenye mtandao mzuri kiko ubavuni mwa baba. Ngazi imegeuka baraza. Wadogo wamepangana pale na simu zao, na shangazi aliyekuja kutembea ameshawajua wote kwa majina. Sijasikia semina ya malezi iliyofanya hivyo bila posho.

Wapinzani wake wamejaribu, wakafedheheka. Yule wa kusimamisha antena zote wima hajui kwamba mawimbi yake hutanda kama ngata: ubavuni yamejaa, juu na chini pana tundu, na kitanda cha binti kimekaa kwenye tundu. (Angelaza moja, angepata nafuu. Bosi asinisikie.) Yule wa ripita ameichomeka chumbani kulekule ambako mtandao haufiki, inawaka taa vizuri sana, na inarudia udhaifu uleule kwa uaminifu. Akiishusha hadi katikati ya ngazi anapata afadhali, ila zile za bei rahisi hupokea na kutuma kwa redio moja, hivyo kasi hukatika karibu nusu. Mwenye fedha ananunua meshi, vile vifaa vinavyopokezana mtandao kutoka chumba hadi chumba, na kweli ni stadi; lakini vikizungumza kwa hewa, navyo lazima vipite kwa bosi kuomba ruhusa.

Adui mmoja tu sipendi kumtaja. Ni waya. Waya wa Cat6 hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, na nyumba ya Goba haina urefu huo hata ukihesabu banda la kuku. Ukipanda kutoka kwenye ruta hadi korido ya juu, ukafungiwa akses pointi darini, zege linabaki kubeba vitanda tu, kazi ya aibu kwa kiumbe wa hadhi yake.

Kwa hiyo nawasihi mnaojenga: siku ya kumwaga zege, mkimwona fundi analaza paipu tupu ya waya wa mtandao, mbali kidogo na zile za umeme, mzuieni. Paipu hiyo ni ya bei ndogo, haionekani, na ikishafunikwa hakuna chawa atakayeweza kumtetea bosi wangu.