Muulize Mjomba Mjuzi: Usaili Wanitoa Jasho

*Mjomba, shikamoo. Nimeitwa kwenye usaili wa kazi ya mchambuzi wa data Jumatatu. Nikisikia tu SQL, tumbo linakata. Nifanyeje? — Mpwa Mwenye Hofu, Tabata*

Marahaba, mpwa wangu. Umefanya la maana kuniandikia mimi, maana washauri wengine wa mji huu wangekwambia usali na ulale mapema. Mimi nimewahi kushika fedha za watu. Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya binti wa jirani, harusi yenye matarumbeta, keki ya ghorofa na MC wa suti nyeupe. Nani alimjua kila aliyeahidi laki mbili akaishia kuleta salamu? Mimi.

Nilikuwa na madaftari mawili: la waalikwa wote na la waliochanga. Wanakamati wakataka nisome majina yaliyomo kwenye yote mawili tu. Kwenye hiyo SQL yako, lugha ya kuulizia data, hiyo ndiyo INNER JOIN, na wadaiwa wote wangepona! Nikakataa. Nilianza na daftari la waalikwa, nikambakiza kila mmoja, nikaandika mchango mbele ya jina lake. Asiyetoa, mbele yake pakabaki patupu. Hiyo ni LEFT JOIN, na patupu pale huitwa NULL. Shemeji yangu anadai aandikwe sifuri. Nimemkatalia: sifuri ni namba, NULL ni pengo.

Kisha nikapanga michango kwa koo. Michango ya chini ya elfu kumi niliitoa kabla ya kujumlisha. Kazi hiyo hufanywa na WHERE. Koo ambazo jumla yake haikufika milioni nikazinyima meza za mbele. Hiyo ni HAVING, ambayo huja baada ya kujumlisha. Bwana harusi alilalamika kwamba ukoo wake umekaa jirani na choo. Takwimu hazina undugu, mpwa wangu.

Sasa tiba ya hofu. Azima mbuzi. Mfunge kwenye mguu wa meza, vaa suti na moka, kisha msimulie kazi moja uliyowahi kuifanya: tatizo lilikuwa nini, ulifanya nini wewe mwenyewe, na nini kilibadilika, kwa namba. Akilia kabla hujafika kwenye matokeo, umerefusha, anza upya. Mbuzi akikosekana, bata anafaa, ila bata huondoka katikati ya maelezo, na wajumbe wengine wa jopo la usaili nao hufanya hivyo.

Watakutega pia: Dar es Salaam ina vinyozi wangapi? Usitoe macho. Wanachotaka kuona ni hatua zako. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani humo, na karibu nusu ni wanaume. Tuseme milioni mbili kati yao, watoto wakiwemo, hunyolewa saluni mara mbili kwa mwezi: vichwa milioni nne. Kinyozi akinyoa vichwa 15 kwa siku, kwa siku 26, anafikisha 390, ifanye 400. Gawanya: vinyozi 10,000. Taja kila ulichokikisia, useme na namna ambavyo ungekihakiki. Mimi nina kipara, kwa hiyo niondoe kwenye hesabu. Watu wa kiwango changu huharibu makadirio.

Tukiwa hapo hapo kwenye kiwango changu: tangu nianze safu hii, gazeti linauzika zaidi. Mhariri anasema ni kwa sababu msimu wa Simba na Yanga ulianza mwezi uleule. Jopo nalo lingemuunga mkono, lingesema mambo mawili kupanda pamoja si ushahidi kwamba moja limelileta jingine, na kwamba lazima utafute jambo la tatu. Ni wivu, lakini kwenye usaili jibu hivyo hivyo.

Mhariri ananionyesha saa. Haraka haraka: wakikupa orodha ya mishahara, usikimbilie wastani, maana bosi mmoja anaweza kuuvuta juu peke yake; zipange namba kuanzia ndogo hadi kubwa, utazame ya katikati. Usilolijua, sema hulijui, kisha eleza ungelitafutaje. Wakikuuliza kama una swali, ulizia data zao zinatoka wapi na nani huzisafisha. Kama ni usaili wa Sekretarieti ya Ajira, beba vyeti halisi na kitambulisho. Bila hivyo hata mimi nisingepita getini.

Jibu kwa sauti kila siku hadi Jumatatu, na ufike nusu saa mapema. Ukiikosa kazi hiyo, kosa litakuwa la jopo au lako. Langu halimo.