Pongezi kwa Wizara kwa Kutoisumbua Salgaa

Kwa Wizara ya Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali, Nairobi.

KUH: MAANDALIZI YA AKILI UNDE KATIKA KITUO CHA SALGAA, KAUNTI YA NAKURU

Wizara inastahili pongezi kwa Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025–2030, uliozinduliwa Machi 27, 2025, na hasa kwa staha uliyoionyesha Salgaa, kituo cha malori kwenye barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, kwa kutokipigia hodi. Akili unde, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na data nyingi hadi zikaweza kukisia na kuamua mambo yaliyohitaji mtu, imejengewa nguzo tatu katika waraka huo: miundombinu ya kidijitali, data, na utafiti na uvumbuzi. Nguzo ya nne, ya anayemuuzia chapati dereva aliyechoka saa tano usiku, haikupatikana, pengine kwa sababu za bajeti.

Uchumi wa Salgaa umesimama juu ya uchovu wa binadamu. Dereva anayeelekea mpaka wa Malaba lazima ale, aoge na alale, na kutokana na ulazima huo hupata riziki wenye hoteli na lojing'i, mafundi wa magurudumu, walinzi wa malori, wanabodaboda na wanawake ambao ripoti rasmi huwataja kwa sauti ya chini. Tayari vifaa vya kufuatilia magari humwonyesha mwenye lori mahali liliposimama, na vihisi vya tangi, ambavyo hupima kiwango cha mafuta, humwarifu dizeli inapopungua ilhali injini imezimwa, jambo lililowahuzunisha wafanyabiashara fulani wa mitungi ambao adabu hairuhusu watajwe. Programu itakapoanza kumpangia dereva mahali pa kulala, hakuna atakayeiandikia Salgaa barua kuieleza kwa nini imerukwa.

Huko Texas, Marekani, kampuni ya Aurora ilianza mwaka 2025 kusafirisha mizigo kati ya Dallas na Houston kwa malori yasiyo na dereva, kisha baada ya wiki chache ikamrudisha mtu kwenye kiti cha mbele kwa ombi la mtengenezaji wa lori, akae tu na kutazama. Salgaa ingemkaribisha mtazamaji huyo kwa mikono miwili, kwa kuwa naye hula ugali.

Inakubalika kwamba Wizara inafuata desturi, kwani Salgaa na jirani zake hutayarishwa baada ya tukio. Januari 31, 2009, watu zaidi ya 100 waliteketea Sachangwan walipokuwa wakichota mafuta kutoka lori lililopinduka. Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, watu 36 wakafa, na ndipo safari za usiku za magari ya abiria zikapigwa marufuku kwa muda na kuta za zege zikajengwa katikati ya barabara. Miaka yote hiyo ilijulikana kwamba baadhi ya madereva hutoa gia kwenye mteremko ili waokoe mafuta ya kuuza, na kwamba mteremko haujali hesabu hizo. Kifo cha biashara, hata hivyo, hakifungi barabara wala hakileti helikopta ya waziri, na kwa hiyo zege lake huenda lisimwagwe kamwe.

Hapa wataalamu hawakosekani. Mwenye hoteli hutazama trela zilizoegeshwa jioni, akasikiliza kama mizani ya malori ina foleni au mpaka umekwama, kisha akakadiria unga wa kukanda. Kukisia mahitaji kutokana na data ndiko hasa ambako Mkakati unataka vijana wafunzwe, na yeye amekuwa akikufanya bila cheti. Kuitwa kwake kabla programu haijanunuliwa, aelezwe itakachoamua na aulizwe itakachovunja, kungegharimu chini ya mabango ya uzinduzi. Shirika la North Star Alliance, lililoweka kliniki za kontena kando ya barabara kuu ili kuwahudumia madereva na wauza ngono, lilitambua mapema kwamba watu wa namna hii hawapatikani saa za ofisi.

Kwa hiyo Wizara, ikituma ujumbe, inashauriwa ufike baada ya saa moja jioni, kwa sababu kufikia saa tatu asubuhi malori huwa yameshaondoka na wenye hoteli wamelala.

Nakala: Serikali ya Kaunti ya Nakuru, ambayo itajibu kwamba jambo hili ni la serikali ya kitaifa.