Pikapu Imewekewa Pua Mpya

Shemeji yangu kainunulia Hilux yake pua: chujio jekundu la koni na bomba la alumini linalong'aa kama sufuria za bibi harusi. Boksi la plastiki lililokuja na gari kalitupa stoo, eti lilikuwa linaibana injini.

"Sikiliza hiyo, shem!" Akakanyaga mafuta. Fyuuu! Kweli, turbo sasa inasikika hadi kwa mjumbe. Gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa.

Kumbe boksi lile la stoo lilikuwa likivuta hewa ya baridi kutoka upande wa madigadi. Koni imekaa uchi chini ya boneti, inavuta joto la injini, na hewa ikipata moto hutanuka, oksijeni ikawa haba. Yaani tumelipa ili injini ivute pumzi za jikoni. Halafu pamba ya koni hupakwa mafuta. Yakizidi, huenda kuchafua sensa ya hewa, na taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Shemeji anasema usiku inapendeza.

Juzi tukapandisha mlima Kitonga na mifuko 20 ya saruji. Gia ileile ya zamani, mwendo uleule, kelele tu ndiyo iliyoongezeka. Baadaye tukapita barabara ya vumbi, na tulipotoka nikafungua bomba, nikapitisha kidole upande wa ndani, ule unaoelekea kwenye turbo. Kikatoka chekundu.

"Ah, hiyo ni rangi ya chujio," akasema shemeji.