Bata Mzinga Mwitu Hana Akili: Hotuba ya Bingwa kwa Wavizia Vichakani

Nyinyi wawindaji mliojipaka masizi usoni mkadhani mmekuwa kichaka: nimekubali kuwaelimisha kwa kuwa sioni mwingine anayeweza. Kila majira ya kuchipua, huko Marekani, watu wazima hurudi nyumbani mikono mitupu wakiapa kwamba bata mzinga mwitu ana akili kumshinda shetani. Kauli hiyo naifuta leo. Ndege huyu ana macho, ana woga na ana desturi, basi. Vitatu hivyo vikikutana na mtu asiyeweza kutulia, mtu hushindwa, kisha humsingizia ndege hekima ili aibu ipungue. Macho yake yamekaa ubavuni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote, tena kwa rangi. Akizungusha shingo kidogo tu, hapabaki pa kujificha. Pua yake ni dhaifu, ndiyo maana mwindaji aliyekula vitunguu husamehewa, lakini aliyejikuna sikio hasamehewi. Kitu kikicheza hachunguzi, anatimua mbio, na miguu hiyo yaweza kufikia kilomita 40 kwa saa. Kama kukimbia kila kitu ni hekima, basi mdeni anayemkwepa mwenye duka ni mwanafalsafa.

Sasa desturi, ambako ndiko wengi mnakopotelea. Alfajiri dume hulia akiwa bado juu ya mti alikolala. Kwa kawaida yao majike ndio humwendea. Yeye hushuka, hutandaza mkia, huburuza ncha za mbawa na kungoja. Mwindaji, kajibanza chini ya mti, anasugua kifuniko cha kijisanduku cha mbao (chombo ambacho Henry Gibson alikipatia hataza mwaka 1897), analia kama jike, na anataka bwana mkubwa avunje mila za ukoo wake amfuate. Dume husogea, husimama nje kidogo ya masafa ya marisau, hutamba, hungoja. Jike haji. Huondoka zake. Nyinyi mnasema kawashinda ujanja. Mimi nasema alikuwa na adabu tu, akachoka kungoja.

Najua pingamizi zenu, nami nimezijibu kabla hamjazifikiria. Mtasema madume wazee hawalii ovyo, kwa hiyo wamejifunza. La hasha! Waliolia ovyo mmekwisha kuwala. Waliobaki ni wale wakimya tangu mwanzo. Tena dume huyohuyo hujibu radi, hujibu kunguru, hata mlango wa gari ukibamizwa hujibu, na nyinyi wenyewe huiga bundi gizani ili ajitaje alipo. Mwenye busara habishani na radi. Mwingine ataniletea Benjamin Franklin, aliyemwandikia binti yake mwaka 1784 kwamba ndege huyu ana heshima kuliko tai. Isomeni barua vizuri, jamani: alimsifu kwa ushujaa na papo hapo akakiri kuwa ana majivuno na upuuzi kidogo. Na msisahau jinsi ndege huyu alivyoponea. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa karibu kwisha. Miaka ya 1950 wataalamu wa wanyamapori wakamwaga mahindi, wakafyatua nyavu kwa baruti, wakamnasa akiwa anakula, na kumhamishia kwenye misitu alikokuwa ametoweka. Kizazi chake kimeokolewa na ulafi.

Kwa hiyo kaeni mmeegemea mti mpana kuliko mabega yenu, na bunduki isogezwe pale tu kichwa chake kinapopita nyuma ya shina. Msivae chochote chekundu, cheupe wala cha buluu, hata soksi, maana hizo ndizo rangi za kichwa cha dume, na wawindaji wamewahi kumiminiana marisau kwa kosa hilo. Bata mzinga hawajawahi kukosea namna hiyo, lakini hilo halihusiani na mada yangu.